Chungu cha Umeme cha Bi Mwanabaraka

Jumapili, 24 Novemba 2002

Daftari hili nimepewa na Bi Mwanabaraka wa ghorofa ya juu, mjane wa Kipemba anayempeleka mdogo wangu Shekinah shule na kumtunza kila akitoka. Amesema Kiswahili changu cha Uvira, Kongo, kinaoza, niandike kidogo kila siku kabla hakijanuka. Nikamwambia, "Bi, Kiswahili changu kimevuka nchi tatu kwa miguu, chako kimekuja na ndege. Kipi kina haki ya kuchoka?" Akanichapa begani kwa kitambaa cha vyombo.

Haya. Jina Gires. Umri kumi na tisa. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Vita vilifunga mlango kabla walimu hawajagundua akili niliyo nayo. Kazi, ghala la bidhaa hapa Edmonton, London. Sura, nzuri. Atakayebisha aje na kioo.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua. Wazima moto bado wamegoma, kwa hiyo mama amekataza hata mshumaa.

Ijumaa, 29 Novemba

Leo ghalani wamepiga kura ya zawadi za Krismasi. Watu zaidi ya themanini, na jina lililotoka kwenye kofia ni langu! Zawadi ni paja zima la nguruwe, lililotiwa chumvi na moshi, Waingereza wanaliita hemu. Nitakabidhiwa tarehe ishirini na tatu. Msimamizi akaniuliza kama najua linavyopikwa. Linapakwa asali, akasema, mpaka ling'ae kama gari jipya. Nikamwambia kwetu tunalipika kila mwaka.

Kwetu hatujalipika hata mara moja.

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya ibada nimetangaza mbele ya kwaya nzima kwamba Krismasi hii mpishi ni mimi. Mzee Protas, anayepiga ngoma kwenye kwaya na aliyekuwa mwalimu Bukavu, akavua miwani anitazame vizuri.

"Wewe Gires? Uliyeunguza chai?"

"Papa Protas, ile ilikuwa sufuria mbovu."

"Chai haiungui, kijana. Chai ni maji. Wewe uliiunguza."

Nimemwalika aje ale, ili siku hiyo avue miwani kwa sababu nyingine. Mama alikuwa ananisikiliza na mkoba wake kifuani. Mama anaitwa Josée, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na miaka minne mfululizo Krismasi imemkuta kazini akiwalisha bibi za watu. Mwaka huu amepata zamu ya alfajiri, atatoka saa tisa mchana. Njiani kwenye basi akaniambia:

"Weye mutoto, nyumba yetu nguruwe haijaingia miaka minne. Unajua sababu?"

"Bi Mwanabaraka."

"Anakula kwetu, Shekinah anakula kwake. Sasa hiyo paja, sawa, Krismasi moja. Lakini sahani zake mbali, kisu chake mbali, na mbele ya yote utapanda juu umwambie. Asisikie harufu kabla hajasikia mdomo wako."

Nimesema ndiyo mama. Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 2 Desemba

Sikumwona.

Jumanne, 3 Desemba

Nimemwona. Alikuwa amefunga, nikaona si vizuri kumtajia mtu mwenye swaumu habari za nguruwe. Huo ndio ustaarabu wangu.

Ijumaa, 6 Desemba

Idi. Bi Mwanabaraka ametuletea bokoboko bakuli zima, na samli juu yake inateleza. Nikamuuliza amelala saa ngapi kuipiga ngano hata ikalainika hivi. Akacheka, akanipandisha juu kunionyesha siri yake: chungu cha umeme. Chungu chenyewe cha udongo wa kung'aa, kimekaa ndani ya kiti chake cha chuma kama mfalme, mfuniko wa kioo. Unaweka ngano na nyama, unakiwasha kidogo kabisa, unakwenda kulala au kuswali, na chenyewe kinapika taratibu saa nane, saa kumi, bila kuunguza kitu. Bila kuunguza kitu! Chombo kama hicho kiliundwa kwa ajili yangu.

Ukingoni pana kovu dogo. Marehemu mumewe alikigonga kwenye bomba siku ya kwanza walipokinunua. Yeye hulipitisha kidole kovu lile kila anapofunika.

Jumatatu, 9 Desemba

Oveni yetu imekufa. Fundi wa mwenye nyumba amekuja, ameitazama, ameisikitikia kama ndugu yake, ameondoka. Majiko ya juu yanawaka, lakini mama hataki moto uwake nyumbani bila mtu, na mimi siwezi kulinda sufuria saa sita. Paja litapikwa wapi?

Alhamisi, 12 Desemba

Najua litapikwa wapi.

Nimepanda juu, nimebisha hodi kwa adabu zote. Nizar, mwanawe Bi Mwanabaraka anayeendesha teksi, ndiye aliyefungua. "Mama, kaja yule bwana mzungumzaji!" Nikaomba chungu cha umeme siku chache, nataka kufanya majaribio ya nyama ya Krismasi.

"Chukua, mwanangu," akasema Bi Mwanabaraka. "Usikitie maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka. Na nyama bila karafuu ni nyama ya hospitali. Ngoja." Akanimiminia karafuu kiganjani kutoka kwenye kopo lake. "Hizi za Wete. Si zile vumbi za dukani."

Hakuniuliza nyama gani. Na mimi, hapo ndipo ulimi wangu ulipoamua kupumzika, ulimi ambao haujapumzika tangu ubatizo. Nilijiambia chungu si mtu. Nikikisugua kwa sabuni ya kijani mara mbili, nani atajua?

Jumamosi, 14 Desemba

Siku kuu katika historia ya mapishi! Mama kazini, Shekinah juu kwa Bi Mwanabaraka. Nimenunua sokoni kipande kidogo cha hemu mbichi, cha majaribio. Chini ya chungu nimepanga viazi, karoti, zile karoti nyeupe za Waingereza zenye utamu wa dawa, na kitunguu kilichokatwa nne. Juu yake nyama, ngozi nimeichora vibokisi kwa kisu na kila kibokisi nimekichoma karafuu. Nikatia bilauri mbili za maji ya tufaha, nikafunika, nikatoka kwenda kujionyesha madukani.

Niliporudi, ngazi zote zilikuwa zinanukia. Sasa chungu hiki kinalainisha lakini hakibabui, nyama inatoka rangi ya mtu mgonjwa. Mtu mwingine angelia. Mimi nilichota mchuzi, nikauchemsha kwenye kisufuria na asali, haradali na sukari ya kahawia mpaka ukawa mzito unaonata kwenye kijiko, nikaupaka tabaka juu ya tabaka. Ikang'aa. Niliona pua yangu ndani ya nyama, wallahi kama asemavyo Nizar.

Nimekula yote. Nimeosha chungu mara mbili kwa sabuni ya kijani. Hakuna ajuaye.

Jumapili, 15 Desemba

Mama anajua.

Alikuta wavu wa ile nyama kwenye pipa la taka, una picha ya nguruwe anayecheka. Akaja sebuleni ameushika kwa vidole viwili.

"Umepika?"

"Majaribio, mama. Ungeonja ungelia."

"Oveni imekufa. Umepika katika nini?"

Chungu kilikuwa juu ya kabati, kinatutazama. Mama akakaa. Mama yangu akikasirika hupiga kelele na mimi hujificha mpaka zipite, mambo yanakwisha. Leo hakupiga kelele. Alikaa na koti lake bado mwilini, akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama ananihoji ofisini.

"Tulipofika hapa na mifuko miwili, nani alishuka ngazi na blanketi?"

"Bi Mwanabaraka."

"Nilipopata kazi, nikaambiwa zamu ni saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, nani alisema mtoto usijali?"

"Bi Mwanabaraka."

"Nimewahi kumlipa?"

"Hapana. Alikataa."

"Akisema kesho Shekinah asipande tena, mimi nitafanya nini, Gires? Nitaacha kazi. Hakuna njia nyingine. Nimehesabu usiku na mchana, hakuna. Miaka minne yule mama anakula kwenye sahani zangu bila kuuliza. Bila kuuliza! Watu wake wanamwambia, unakulaje kwa wale? Anawajibu, Josée namjua."

Nikasema nitanunua kingine kipya, tubadilishe kimyakimya.

"Chenye kovu la mume wake? Utalinunua wapi kovu?"

Nikanyoosha mkono niuchukue ule wavu; hakuuachia.

"Utamwambia weye. Si mimi. Mdomo uliojisifu kanisani ndio utakaopanda ngazi."

Haya, nitamwambia. Kesho.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua. Sikumwambia.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua ya kulala. Nimenunua chungu cha umeme kipya, aina ileile, rangi ileile. Nimejaribu kugonga kovu kwenye bomba la jikoni. Limetoka upande usio wake na ni kubwa mno. Sikumwambia.

Jumatano, 18 Desemba

Nimekutana naye kwenye ngazi, akaniuliza, "Majaribio yalikwendaje?" Nikasema vizuri. Akasema, "Basi utanionjesha."

Alhamisi, 19 Desemba

Nimerudi kutoka kazini saa nane mchana, juu ya kabati hakuna kitu. Nikamngoja Shekinah ashuke. Nilipomuuliza alinijibu kwa Kiingereza chake cha shuleni, bila kutoa macho kwenye televisheni, kwamba Bibi alishuka asubuhi kabla hajampeleka shule akaomba chungu chake, naye akampa. Kwani kuna nini?

Kuna hitma. Keshokutwa Jumamosi Bi Mwanabaraka anamsomea hitma marehemu mumewe, mwaka wa tano. Watakuja watu toka Kilburn na Woolwich, atawapikia bokoboko. Katika kile chungu. Yule mzee hajawahi kunifanya lolote baya, na mimi nakwenda kulisha nguruwe watu wanaomwombea.

Ijumaa, 20 Desemba

Leo sina zamu. Saa mbili na nusu asubuhi, Shekinah akiwa ameshapelekwa shule, nimepanda ngazi kumi na sita. Nimezipanda kila siku miaka minne, leo ndiyo nimezihesabu.

Bi Mwanabaraka alikuwa jikoni na kanga kiunoni. Ngano imerowekwa kwenye beseni. Nyama ya mbuzi imekatwa. Chungu kipo mezani, kitupu, mfuniko pembeni. Mkono wake ulikuwa ndani ya beseni tayari kuchota.

"Bi, usitie!"

Akastuka. "Kuna nini? Kimepasuka?"

"Bora kingepasuka."

Nilikuwa nimetunga hotuba nzuri, ina utangulizi. Yote ilitoka kichwani. Nilimwambia tu: "Nilipika nguruwe humo. Jumamosi. Mama hakujua, aliniagiza nikuambie habari za hemu tangu mwanzo wa mwezi na mimi sikukuambia. Nimekiosha kwa sabuni lakini najua si hivyo. Mama hana kosa. Shekinah hana kosa. Kosa ni langu peke yangu."

Akautoa mkono kwenye ngano. Akaukausha taratibu, kidole kimoja kimoja. Akakiangalia chungu, halafu dirisha, halafu mimi. Nilitamani anichape kwa kile kitambaa. Hakunichapa.

"Na karafuu zangu?"

"Nilizitia."

"Jumamosi hadi leo siku sita. Kila siku unanisalimia."

"Ndiyo, Bi."

"Nilikuuliza kwenye ngazi."

"Ndiyo."

Akalikaza bomba lililokuwa linadondoka. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza dukani:

"Maji mara saba. Moja yake kwa udongo. Udongo safi wa ardhi, si ule wa uwanjani mbwa wanapoinua miguu. Kalete."

"Udongo?"

"Kwani wewe uliona hapa duniani hakuna dawa ya hilo? Umefikiri sisi hatujui kuosha? Nenda! Saa zinakwenda, na watu wangu hawatakula maneno yako."

Nilishuka ngazi kumi na sita kwa hatua tatu. Sasa udongo safi London, mwezi wa kumi na mbili! Uani kwetu ni saruji na mapipa. Nikakimbia kwa mzee Protas, ana kishamba cha kukodi nyuma ya reli anapopanda lengalenga, mchicha wa kwetu, wakati wa joto, kimezungushiwa waya, mbwa hapiti.

"Udongo?" akasema na nguo zake za kulalia. "Unamzika nani?"

"Jina langu, Papa Protas, tusipokwenda sasa hivi."

Hakuuliza tena. Alivaa buti, akaja na koleo, akanichimbia mwenyewe chini kabisa, tope jeusi la baridi, nikalijaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Yule mzee nilimdhania ana ulimi tu.

Bi Mwanabaraka aliniwekea karai, akavuta kiti, akakaa kama msahihishaji wa mitihani. Nikachanganya udongo na maji nikasugua, ndani, ukingoni, kwenye kovu, mfuniko, mpaka vidole vikafa ganzi.

"Moja," akasema. "Mwaga. Maji mapya."

Mbili. Tatu. "Chini umeacha." Nikarudi chini. Nne. Tano. Nilipofika sita nikamsikia nyuma yangu anafanya sauti fulani, nikafikiri analia, nikaogopa kugeuka.

"Babangu," akasema, "alipanda mikarafuu na kuichuma miaka arobaini. Kila mwaka gunia zinakwenda bandarini, kila mwaka anauliza: hivi hawa Wazungu karafuu zote hizi wanatia katika nini? Hawali pilau. Hawanywi chai yake. Kafa hajajua." Sauti ile ikamshinda, akajifunika uso kwa kanga. "Kumbe matakoni mwa nguruwe!"

Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikujua kama nina ruhusa ya kucheka, nikawa nakibana kicheko tu na karai mkononi.

"Osha, osha, usisimame," akasema akijifuta machozi. "Bado moja."

Saba.

Akakiinua chungu kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye kovu, akakirudisha kwenye kiti chake. Kisha akatia ngano. Hakusema nimekusamehe, hakusema lolote kuhusu Shekinah. Alisema tu, "Funga mlango, baridi inaingia."

Nimekaa dirishani tangu saa tisa kasorobo. Leo siku ya mwisho ya muhula, mama hadi usiku kazini. Nilijiambia: Bi asiposhuka kumfuata Shekinah, nitakwenda mimi shuleni, na kesho mama ataandika barua ya kuacha kazi, na barua hiyo nitakuwa nimeiandika mimi kwa paja la nguruwe. Saa tisa na dakika tano, hakuna. Saa tisa na dakika kumi, mvua ikaanza. Saa tisa na robo mlango wa chini ukalia, na mwavuli wa zambarau ukatokea barabarani, polepole, unakwepa madimbwi, unaelekea shule.

Nimeandika haya na mikono inanuka tope. Sijawahi kuona mwavuli mzuri kama ule.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimebeba viti vya hitma, ishirini na viwili, kupanda na kushuka. Mama alipanda kuosha vyombo. Walikaa jikoni wawili, mlango umefungwa, nikasikia kilio kidogo na kicheko kingi. Aliposhuka akasema, "Naamani mwenye ukoma naye aliingia Yordani mara saba. Lakini yeye hakuambiwa alete na udongo," akanipa bokoboko iliyobaki. Mama hajanibusu kichwani tangu nipate ndevu. Leo kanibusu.

Jumatatu, 23 Desemba

Paja limefika. Ni kubwa kuliko Shekinah alipozaliwa.

Jumanne, 24 Desemba

Haliingii kwenye chungu kipya! Nimelikata kisigino kwa msumeno wa Nizar (ameutupa baadaye, amesema hausamehewi). Nimepanga viazi, karoti na zile kabichi ndogo kama gololi. Karafuu sikuwa nazo, sikuthubutu kuomba. Jioni nimekuta kopo la karafuu za Wete limeachwa mlangoni kwetu, limefunikwa karatasi iliyoandikwa: "Nusu yako. Pemba ile ile."

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. London nzima hakuna basi wala treni. Nizar alimpeleka mama kazini alfajiri, na saa nane mchana akapiga honi amfuate tena. Paja langu lilikuwa limeshatulia mezani, limepakwa asali tabaka tano, linang'aa hata mzee Protas alivua miwani bila kuambiwa. Akasema, "Hapana, huyu amenunua." Nimelikubali kama sifa.

Kabla Nizar hajaondoka, Bi Mwanabaraka alishuka na koti lake, amekumbatia chungu cha kovu kwa taulo, kinafuka. Akakiweka upande mwingine wa meza, mbali na paja, akachomeka waya wake ukutani.

"Nakwenda na Nizar kumchukua mama yako. Mwanangu akiwa peke yake hupotea. Hii bokoboko yangu haijakaa sawa, nitaila hapa na nyinyi. Wewe baki nayo. Kila baada ya muda ipige mwiko."

"Mimi, Bi?"

"Kwani pana mpishi mwingine hapa? Kanisa zima limeambiwa." Akachomoa mwiko kwenye mfuko wa koti, mwiko wake mwenyewe, akanipa kwa mkono wa kulia. "Na uonje chumvi."

Wakaondoka. Nikanawa mikono mara tatu na sabuni, nikafunua. Nikaipiga, nikaonja. Chumvi ilikuwa sawasawa kabisa, haikuhitaji hata punje.

Waliporudi, mama mbele na sare yake ya kazi, Bi Mwanabaraka nyuma akipangusa miguu, aliniuliza kabla hajavua koti: "Ehe? Chumvi?"

Nikamwambia sina hakika, Bi, ngoja nionje tena.